Mlinzi wa Tundu la Sakafuni

Waliosema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende hawakuwaonya watembea pekupeku peke yao. Kila kazi ina mwiba wake. Katika jiko la kupikia watu wengi, mwiba huo haumo motoni wala kisuni, kwa kuwa moto na kisu huogopwa na kila mtu. Umo chini, sakafuni, kwenye tundu la kutolea maji machafu, mahali ambapo mpishi hapaangalii mpaka siku maji yanapokataa kushuka.

Juu ya tundu hilo hapana budi pawepo kichujio: kibati cha chuma chenye vitundu vidogo, au kikapu kidogo cha chuma kisichoshika kutu, ambacho huyaachia maji yapite na kuyazuia makombo. Ni kitu kisicho na fahari yoyote, wala hakuna mteja aliyepata kukisifu. Lakini kisa cha askari mmoja mstaafu na mkewe, huko Kagugu katika mji wa Kigali, chaonyesha jinsi kitu hicho kikidharauliwa kinavyoweza kuivunjia nyumba heshima yake, na jinsi kikitunzwa kinavyoweza kuirudisha.

Kagugu imo katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa mji. Ni mahali pa miteremko, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kigali, na mara nyingi anayeishi juu huliona paa la jirani yake kutoka kizingitini pake. Hali hiyo ina maana yake kwa maji. Kinachomwagwa juu hakikai juu. Hushuka kwa jirani, kikaingia mtaroni, kikateremka bondeni, na mwishowe kikafika mto Nyabugogo. Nyabugogo huingia Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huendelea mbele kwa jina la Akagera. Na Akagera huyamimina katika Ziwa Viktoria, ambalo wavuvi wa Tanzania, Uganda na Kenya hulitegemea kwa riziki yao. Basi mafuta yanayomwagwa katika tundu la jikoni huko Kagugu hayajapotea. Yameanza safari tu.

Askari huyo alistaafu akiwa na cheo cha sajini. Akiba yake na ile ya mkewe waliiweka pamoja, wakafungua hoteli ndogo ya chakula cha mchana. Mama alisimamia jiko: maharagwe, viazi, mizuzu, sombe, wali na nyama ya ng'ombe, na sambaza siku walipopatikana. Wateja walikuwa mafundi wa ujenzi, vijana wa pikipiki, walimu, na askari waliotoka zamu. Sajini alisimamia fedha, akiba ya vyakula na usafi wa mbele. Viti vilipangwa kwa mstari ulionyooka kama gwaride, na meza zilipanguswa kila mteja alipoinuka. Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza angeweza kusema kwamba mwenye nyumba alikuwa mwanajeshi kabla hajaambiwa.

Jikoni mlikuwa na matundu matatu ya kutolea maji sakafuni, na kila moja lilifunikwa kwa kichujio kilicholazwa juu tu, bila kufungwa. Kila jioni kijana wa kuosha vyombo alimwaga maji ya sabuni, akapiga deki, akayasukuma maji yote kuelekea matunduni. Maji hayo yalichukua punje za wali, maganda ya viazi, vipande vya mifupa na ukoko wa sufuria. Kichujio kilijaa upesi, na maji yakasimama. Kijana huyo alikuwa akikaa mbali, na basi halimngoji mtu. Basi alifanya lile ambalo wengi katika kazi yake wamelifanya: alikiinua kichujio kwa ncha ya kisu, akakiweka kando, akafagilia kila kitu ndani ya tundu, kisha akakirudisha mahali pake. Sakafu iling'aa. Asubuhi Sajini alipita akatazama, akaridhika.

Mambo yakaendelea hivyo kwa miezi kadhaa.

Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya raia wote, ambayo sheria ya mwaka 2007 iliiwekea utaratibu kwa watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Maduka hufungwa asubuhi, watu hutoka na majembe, mapanga na mafagio, na baada ya kazi hukutana kuzungumza juu ya mambo ya mtaa wao. Jumamosi moja kazi ya majirani wa Sajini ilikuwa kuzibua mtaro wa barabarani kabla ya mvua. Sajini naye alikuwapo na jembe lake, kwenye mstari wa mbele, kama ilivyokuwa desturi yake.

Majembe yalipofika chini ya ukuta wa hoteli yake, yalikwama. Mtaroni mlikuwa na kitu kizito cheupe, kigumu kama sabuni ya mche, kilichoshikamana na punje za wali, maganda na mifupa. Kilipovunjwa kilitoa harufu iliyowafanya vijana warudi nyuma. Bomba la jikoni lilikuwa limeziba njiani kuelekea kwenye karo. Maji yalipokosa njia yalipandia kwenye mfuniko wa ukaguzi nyuma ya ukuta, yakafurika kidogo kidogo usiku hadi usiku, na kutiririkia mtaroni. Hakuna aliyesema ni la nani. Hapakuwa na haja ya kusema.

Chini ya mtaro huo alikaa bibi mmoja mzee, mwenye bustani ndogo ya dodo. Sajini aliiona bustani ile siku hiyo kwa macho mengine. Matuta mawili yalikuwa yamechimbuliwa na mboga zake kutupwa, na kamba ilifungwa kuwazuia wajukuu wasicheze upande ule. Kumbe bibi alikuwa ameyaona maji yale majuma mawili nyuma. Sajini alipomwuliza kwa nini hakuja kusema, alijibu kwa upole: "Mwanangu, nilidhani utaona mwenyewe."

Sajini alikuwa amekaripiwa mara nyingi katika utumishi wake, na makaripio hayo aliyapokea amesimama wima na kuyasahau. Neno hili hakulisahau. Alirudi nyumbani ameazimia kumfukuza kijana wa vyombo kabla jua halijatua.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza: "Baba watoto, kichujio kikijaa saa moja jioni, kijana afanye nini? Kuna kikapu cha pili cha kubadilisha? Kuna ndoo ya kumwagia makombo? Kuna mtu aliyepata kumwonyesha?" Sajini akasema kwamba mtu mzima hafundishwi kuacha uchafu. Mama akajibu: "Mlinzi akilala lindoni huadhibiwa. Lakini mlinzi aliyewekwa peke yake usiku kucha bila wa kumpokea, kosa ni la nani?" Sajini alinyamaza. Neno hilo lilikuwa la kazi yake mwenyewe.

Kijana hakufukuzwa siku hiyo. Lakini Sajini hakuwa ameshawishika kabisa. Alileta bisibisi, akavikaza vichujio vyote vitatu kwa skrubu ili asiwepo wa kuviinua tena. Dawa hiyo haikudumu hata juma moja. Makombo yalijazana chini ya kibati pasipo na mkono wa kuyatoa, jikoni pakanuka, maji yakasimama hadi kwenye vifundo vya miguu, na mpishi mmoja akateleza akiwa amebeba sufuria ya maharagwe ya moto. Kwa bahati njema hakuungua. Jioni ile ile skrubu zilivunjwa kwa patasi, na ni Sajini mwenyewe aliyezivunja.

Ndipo alipoitwa fundi bomba, mzee aliyeijua kazi yake. Fundi huyo alizibua bomba, akatia waya mrefu, akatoa ndoo baada ya ndoo. Kisha akaketi na wenye nyumba, akawaeleza mambo ambayo yafaa kila mwenye jiko ayajue, liwe la hoteli, la shule au la kambi.

Kwanza, mafuta. Mafuta ya kupikia na ya nyama yakiwa ya moto hutiririka kama maji. Yakipoa bombani huganda na kushika ukutani mwa bomba. Peke yake yangeliziba taratibu. Lakini yakipata punje za wali, nyuzi za nyama na maganda, hupata cha kushikamana nacho, kama udongo upatavyo fito za kujengea. Kumwaga maji yanayochemka, kama wengi wafanyavyo, hakuondoi mafuta. Huyasogeza mbele tu, yakagande mahali ambapo mkono haufiki. Na wala hili si tatizo la miji midogo. Mjini London, katika eneo la Whitechapel, mwaka 2017 wafanyakazi wa maji machafu walikuta bonge la mafuta na taka lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Walifanya kazi kwa majuma mengi kulivunja, na kipande chake kikawekwa katika jumba la makumbusho mwaka 2018 ili watu wakione na kujifunza.

Pili, maji yanayokaa chini ya tundu. Bomba la sakafuni lililojengwa vizuri halishuki moja kwa moja. Lina kona iliyopinda kama kiwiko, nayo hushika maji kidogo, aghalabu kiasi cha sentimita 5 za kina. Maji hayo ni mlango: huzuia hewa chafu, mende na vijidudu visipande kutoka karoni kuja jikoni. Makombo yakijaa katika kiwiko hicho, huoza, na vijinzi vidogo hutaga humo. Maji yakikauka, mlango umebaki wazi. Ulimwengu ulipata somo chungu juu ya jambo hili mwaka 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, katika majumba ya ghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong. Wachunguzi waliona kwamba viwiko vya matundu ya sakafuni katika vyumba vingi vya kuogea vilikuwa vimekauka, kwa kuwa watu walipangusa sakafu bila kumwaga maji, na kwamba hewa yenye maradhi iliweza kupanda kupitia humo. Zaidi ya watu 300 waliugua katika majumba hayo, na 42 wakafa.

Tatu, kichujio chenyewe. Fundi alisema kwamba kilicholazwa tu si kichujio bali ni kifuniko cha heshima. Hupigwa teke, huinuliwa na gurudumu la toroli, husukumwa na maji yakirudi nyuma, na panya mwenye nguvu hukipandisha kwa kichwa. Kilichokazwa moja kwa moja nacho hakifai, kama walivyokwisha kuona. Kinachofaa ni kile kinachotoka na pia kinafungwa. Pete ya chuma hujengewa sakafuni kwa saruji, usawa mmoja na vigae ili isimkwaze mtu. Ndani yake huingia kikapu chenye mpini, na juu yake bamba lenye vitundu. Bamba hilo lina masikio mawili chini yake. Likigeuzwa robo duara kwa ufunguo wenye meno mawili, masikio huingia chini ya mdomo wa pete na kushika. Likigeuzwa kinyume, hutoka. Ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa mwenye ufunguo. Kwa asiye nao, kisu hakifui dafu.

Sajini alilielewa neno "ufunguo" mara moja. Alisema ataufunga shingoni mwake. Fundi akatikisa kichwa. "Afande," alisema, "komeo hili si la mwizi. Ni la haraka. Humlazimisha mtu asimame kidogo afikiri kabla ya kufagia. Ukikaa na ufunguo wewe, nao wanafanya kazi usiku wewe umelala, watalivunja kama ulivyozivunja skrubu."

Maneno hayo yalimrudisha Sajini kwenye swali la mkewe. Usiku ule walikaa pamoja wakaandika utaratibu, na utaratibu wenyewe ulifanana sana na ule wa kukabidhiana lindo. Kwa kila tundu viliwekwa vikapu viwili, kimoja kazini na kingine kimeoshwa na kukauka. Kikapu hubadilishwa baada ya chakula cha mchana na tena wakati wa kufunga jiko. Makombo humwagwa kwenye ndoo yenye mfuniko, wala hayagongwigongwi sinkini. Kikapu huoshwa kwa brashi yake chenyewe, ambayo haigusi chombo cha kulia. Anayetoka zamu humwonyesha anayeingia kwamba bamba limefungwa, kwa kulijaribu kwa mkono, wala si kwa kulitazama tu.

Ufunguo alipewa kijana wa vyombo.

Sajini alimwita mbele ya wenzake wote, akamkabidhi, akamwambia kwamba tangu siku ile msimamizi wa matundu matatu ni yeye, na kwamba saa yake ya kutoka imesogezwa ili asikose basi. Kijana alitazama chini kwa muda. Kisha akasema: "Afande, mimi nilidhani maji yakishuka yameisha." Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamedhani hivyo.

Yafaa ieleweke kwamba kichujio hakikumaliza kazi yote. Kichujio huzuia vitu vigumu. Mafuta yaliyoyeyuka hupita. Kwa hiyo Mama alianza kufuta sufuria kwa karatasi au majani makavu kabla hazijaoshwa, na fundi akajenga sanduku la kunasia mafuta kati ya jiko na karo, ambamo maji hutulia, mafuta yakaelea juu na kuondolewa kwa mkono kila juma. Gharama yake iliwauma. Kwa miaka mingi Kigali imetegemea makaro na mashimo ya kila kiwanja kwa ajili ya maji yake machafu, na katika hali kama hiyo mwenye kiwanja hana wa kumtupia mzigo wake ila jirani aliye chini yake. Sajini alikuwa amemwona jirani huyo kwa macho yake.

Alikwenda kwake pamoja na mkewe siku ya pili baada ya bomba kuzibuliwa. Hawakutuma mtu. Walimwomba bibi radhi, na Sajini na kijana wa vyombo wakachimba udongo ulioharibika, wakauondoa, wakaleta mwingine safi kutoka mbali, wakauinua ukingo wa bustani kwa mawe ili maji ya mtaroni yasiingie tena. Bibi aliketi kivulini akawatazama. Walipomaliza aliwapa maji ya kunawa, wala hakutaja tena habari ya majuma mawili yale.

Familia zinazokaa katika nyumba za askari zina sababu ya kukitafakari kisa hiki. Katika kambi na katika nyumba za polisi, mabomba huungana; jiko la mmoja ni jiko la wote, na tundu la jirani lina njia ya kufika kwako. Mama wa nyumba asiye na kichujio chenye komeo aweza kupata wavu wa chuma unaokaza vizuri tunduni, mradi utoke kwa kusafishwa. Na asiutoe wakati wa kupiga deki, kwani huo ndio wakati hasa unaohitajika. Familia ikisafiri likizo kwa majuma kadhaa, na imwage ndoo ya maji katika kila tundu la sakafu kabla ya kufunga mlango na tena mara inaporudi, ili maji ya kiwikoni yasikauke. Asielekeze mpira wa maji ya kasi ndani ya tundu, kwa kuwa uchafu uliomo huruka kwa matone madogo na kutua juu ya meza na vyombo. Na watoto wafundishwe mapema kwamba kinachoingia tunduni hakijaondoka.

Kwa wale wanaosimamia majiko makubwa, ya mabwalo, ya shule na ya hospitali, somo ni lile alilolipata Sajini kwa aibu. Si vigumu kununua komeo. Vigumu ni kujiuliza kwa nini mtu alilikwepa lile la kwanza. Mahali ambapo kanuni huvunjwa kila usiku na mtu ambaye si mvivu wala si mwovu, yamkini kanuni hiyo haina kikapu cha pili.

Mvua zilipokuja, mtaro ulipitisha maji meupe ya mvua peke yake. Dodo za bibi ziliota tena, zikanawiri. Siku moja alipanda mteremko na mafungu manne, akamwuliza Mama kama hoteli yake hununua mboga. Mama alizinunua zote. Zilipikwa mchana ule, na Sajini, ambaye kwa kawaida hula baada ya wateja kuondoka, alipakuliwa sahani ya kwanza. Alitazama mboga zile kwa muda, akijua vizuri zilikoota na kilichokuwa kimepita hapo. Kisha akanawa mikono, akala.

Tangu siku hiyo bibi huleta dodo mara mbili kwa juma, na Sajini hula kwanza kila mara. Mkewe husema kwamba ukaguzi huo unatosha.